Kwale na Kifungu cha Adhabu

Kwedizinga, Handeni
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Dada yangu mpendwa, Mama Elizabeti,

Shikamoo, Dada. Baada ya kuandika neno hilo nimeinua kalamu kidogo, kama nilivyozoea kusimama mlangoni kwako hadi uitikie marahaba ndipo niingie. Natumaini umeitikia. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Bungu? Na kile kikohozi cha asubuhi, je, kimekuacha? Mimi huku ni mzima kwa neema ya Mungu. Macho yanasumbua kidogo, lakini mkono bado unatii, kama unavyoona katika mwandiko huu.

Kwanza kabisa nakuomba radhi. Barua yako niliipokea mikononi mwa Zakaria, mtoto wa marehemu kaka yetu, pamoja na kikapu cha maparachichi na zile ndizi zilizofika bila hata moja kuchubuka. Nimekaa na barua hiyo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Haukuwa uvivu, wala haikuwa dharau. Jibu nilikwisha kuliandika, kisha nikalichana. Yaliyonifanya nilichane ndiyo ninayotaka kukusimulia leo kwa maandishi, kwa kuwa kwenye simu hunisikii, nami huishia kupiga kelele mpaka majirani wanadhani nagombana na mtu.

Uliniandikia kwamba chumba cha upande wa jua umekipaka chokaa. Ukaniandikia kwamba si vyema mwanamume mjane azeekee ukweni hali dada yake angali hai, na kwamba Zakaria atakuja na gari la rafiki yake kunichukua, mimi na vitu vyangu, kabla masika hayajaharibu barabara. Dada, nilipoyasoma hayo nilivua miwani. Katika umri wetu huu, kuwa na mtu anayekupakia chumba chokaa ni baraka ambayo wengi wameikosa. Nakushukuru kwa moyo wangu wote, na ninakusihi uikumbuke shukrani hii utakapofika mwisho wa barua.

Unafahamu kwamba tangu Mariamu atangulie nimebaki katika nyumba yetu hii, kwenye ardhi ya wazee wake. Kaka yake, Athumani, anakaa ng'ambo ya shamba, na mkewe, Bi Mwanahamisi, hunipikia mara nyingi kuliko ninavyostahili. Kaburi la Mariamu liko ukingoni mwa shamba, karibu na kichuguu kikubwa. Juu ya kichuguu hicho kila alfajiri hupanda kwale. Huku kwetu ni yule mwenye ngozi ya njano shingoni, ambaye hana manyoya pale kooni, na anayependa kukimbia kwa miguu kuliko kuruka. Sauti yake si nzuri, Dada, sitakudanganya. Ni kama mtu anayekwangua sufuria lililoungua.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka alinijia diwani wetu, kijana mwenye heshima zake. Nilikuwa uani pamoja na Athumani, ambaye alikuwa akichonga mpini wa jembe.

“Shikamoo, Mzee Karani,” akasema. Wananiita hivyo hadi leo, ingawa mahakama ya mwanzo niliiacha siku nyingi.

“Marahaba, Mheshimiwa. Karibu kiti.”

“Nimekuja na kazi ya kalamu, Mzee wangu. Hebu niambie: Korogwe wana mto, wana reli, wana milima. Mtu akisikia Korogwe, anaona picha kichwani. Akisikia Handeni, anaona nini?”

“Vumbi,” akasema Athumani bila kuinua uso.

“Hilo ndilo linaloniuma! Na sisi tuwe na chetu. Nataka kupeleka hoja katika baraza la madiwani, kwale atangazwe kuwa ndege wa heshima wa Handeni. Achorwe kwenye ukuta wa ofisi, achorwe kwenye kombe la mpira wa shule. Basi. Haiombwi hata shilingi. Lakini hoja iwe na Kiswahili kilichonyooka, na hicho kinapatikana kwako.”

“Msambaa ndiye amwandikie kwale wa Wazigua?” Athumani akauliza. “Kwale mwenyewe ameridhia?”

“Shemeji,” nikamjibu, “nimekula mahindi ya hapa kuliko hata huyo kwale.”

Tukacheka, nikaikubali kazi. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Tangu msiba hakuna aliyekuwa ameniomba lolote; watu walinihurumia tu, nami nilianza kujiona kama kiti kilichobaki baada ya wageni kuondoka.

Nikaandika kwa bidii. Nilimsifu kwale kwa kuamka mapema, kwa kutokimbilia nchi za watu wakati wa kiangazi, na kwa kuwaongoza vifaranga wake katika majani bila kupoteza hata mmoja. Mpaka hapo hapakuwa na tatizo. Lakini Dada, mimi nimetumia maisha yangu yote ya kazi kunakili hukumu. Sijapata kuona sheria isiyo na adhabu mkiani. Nilipofika mwisho, karatasi ilionekana kama mtu aliyetoka bila viatu. Basi mkono wangu, kwa mazoea yake, ukaongeza maneno haya: “Mtu yeyote atakayemtega, kumkamata, kumjeruhi au kumuua ndege huyo atakuwa ametenda kosa, na akipatikana na hatia atastahili faini au kifungo au vyote viwili kwa pamoja.” Nikapiga mstari chini, nikaona kazi imekamilika.

Diwani, naye pia kwa haraka zake, hakuisoma hadi mwisho. Akampa mtendaji aisome katika mkutano wa kijiji, uliofanyika shuleni, katika darasa kubwa. Nami nilikuwepo, nimevaa koti lile la kijivu ulilonishonea kwa fundi wa Korogwe. Sifa za kwale ziliposomwa, watu walipiga makofi. Mzee Lemburis, mfugaji mwenzetu wa Kimasai kutoka upande wa mbuga, akanyoosha fimbo yake kuomba neno.

“Sisi ndege hatuli,” akasema, “kwa hiyo mpeni heshima zote mnazotaka. Swali langu ni moja. Kwa nini asiwe ng'ombe?”

“Ng'ombe wako akiingia shambani kwangu hana heshima!” mtu akajibu kutoka nyuma, darasa zima likaangua kicheko.

Kisha mtendaji akasoma kile kifungu. Kicheko kikakatika. Bi Mwanahamisi akasimama, akafunga upya mtandio wake, jambo ambalo wanaomfahamu hulichukua kuwa ni onyo.

“Mwenyekiti, samahani. Hebu rudia hapo mwishoni.”

Kikarudiwa.

“Kumbe nimesikia sawasawa. Sasa naomba kujua: nimepanda mahindi, kwale amekuja ameyafukua, nami nimemrushia jiwe. Mwenye kesi ni nani?”

“Wewe!” watu wakaitikia.

“Yeye si ana wakili?” akasema Bi Mwanahamisi. “ Wakili wake Msambaa yule pale, mwenye koti!”

Wakacheka tena, na mimi nikajaribu kucheka nao. Lakini yeye hakuketi. Akanigeukia, na sauti yake ikawa ya chini.

“Shemeji, unisamehe kusema mbele za watu. Wifi yangu, siku zake za mwisho, uji aliukataa, wali aliukataa. Kilichopita kooni kwake ni mchuzi niliokuwa nikiuleta kwenye bakuli lenye kifuniko. Ulidhani ni mchuzi wa nini?”

Nikasema, “Nilidhani ni kuku.”

“Kuku nilikuwa sina hata mmoja, ugonjwa uliwamaliza. Kaka yake alikuwa akitoka alfajiri kwenda kutega kwale. Leo unatuandikia jela?”

Huku kwa Wazigua, anayemletea mgonjwa chakula haelezi kimepatikanaje, wala mwenye nyumba haulizi, ili kisije kikawa deni kifuani mwa mtu. Nimeishi nao miaka mingi na desturi hiyo naijua. Kwa sababu naijua, sikuuliza. Kwa sababu sikuuliza, nilichukua kalamu nikaandika kifungo dhidi ya mikono iliyomlisha mke wangu chakula chake cha mwisho. Nilimtazama Athumani. Alikuwa ameinamisha kichwa, akichunguza kucha zake, kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa na kosa.

Diwani akanong'ona sikioni mwangu, “Mzee wangu, mambo ya uwindaji yana sheria zake za nchi na wenyewe wapo. Mimi nimeomba picha ukutani, wewe umenipa gereza!” Mkutano ukaahirishwa, nami nikarudi nyumbani peke yangu, nikipita njia ya nyuma.

Mchana huohuo nikatoa sanduku uvunguni nikaanza kupanga nguo. Nikakuandikia jibu, lile ambalo sasa limekwisha kuchanwa. Nilikuambia kwamba umesema kweli, kwamba ukweni si mahali pa kuzeekea, na kwamba Zakaria aje upesi. Sikukueleza sababu. Nakuomba radhi kwa hilo pia, kwa kuwa ningekuja kwako kama mtoro, wewe ukidhani nimekuja kwa mapenzi.

Asubuhi yake, jua limekwisha kupanda, nikasikia hodi. Alikuwa Athumani. Mkononi ameshika kwale mzima, miguu yake imefungwa kwa katani, naye anatutazama wote wawili kwa hasira.

“Mheshimiwa hakimu,” akasema, “nimemleta mshitakiwa.”

Sikujua niweke wapi uso wangu. Nikasema, “Shemeji, yeye si mshitakiwa. Mshitakiwa ni mimi.”

“Basi mtakaa naye mahabusu moja.” Hapo akaliona sanduku. “Hili nalo la nini? Unakwenda wapi?”

“Dada yangu ameniita Bungu. Na baada ya jana, nimeona si vizuri kuendelea kukaa machoni penu. Nimewaaibisha.”

Akaketi juu ya sanduku langu, Dada, juu yake kabisa, na kwale wake mapajani.

“Umetuaibisha? Watu wamecheka jana mpaka wakashika mbavu. Mke wangu alicheka njia nzima kurudi nyumbani, kisha akalia, kisha akacheka tena. Tangu dada afariki hatujawahi kucheka katika nyumba ile. Sasa unataka kwenda milimani kula maparachichi. Ukiondoka, sisi tutamtania nani? Tutakuwa hatuna Msambaa hata mmoja.”

“Ungeniambia, shemeji. Kuhusu ule mchuzi.”

“Ungeniuliza?” akasema. “Alikuwa dada yangu kabla hajawa mkeo. Nilikuwa natega kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Wewe hukuhusika.”

Alisema hivyo kwa ukali, lakini ulikuwa ukali wa kuninyoosha, nami nikajisikia nimenyooka.

Bi Mwanahamisi akafika nyuma yake na chungu kichwani. Athumani akamchinja kwale kwa utaratibu wa dini yao. Ndiyo maana, Dada, wao humtega kwa mguu na si kwa shingo, apatikane akiwa hai. Mchuzi ukapikwa hapo hapo kwangu, juu ya mafiga ya Mariamu, ambayo yalikuwa hayajawashwa muda mrefu. Nilipoonja, niliitambua ladha. Chumvi ileile na ndimu ileile. Wakati ule nilikuwa nikimalizia kile alichoshindwa kukimaliza, nikisimama dirishani, bila kufahamu ninakula nini.

Tulipokwisha kunawa, Bi Mwanahamisi akasema, “Haya, leta ile karatasi.”

“Nimekwisha kuamua kuifuta yote.”

“Ufute yote kwa nini? Sifa ni nzuri. Hata mimi sikujua kwale ana adabu kiasi kile. Futa jela. Pale palipokuwa na jela, andika alichokuwa akifanya wifi.”

Nadhani unakumbuka, Dada, kwa maana ulipokuja kututembelea ulimwona ukamcheka. Kila wakati wa kupanda, kabla hajatia mbegu ya kwanza ardhini, Mariamu alikuwa akizunguka na ungo akimwaga mtama ukingoni mwa shamba, upande wa kichuguu. Alisema kwamba kwale akishiba ukingoni hatakuwa na haja ya kuingia kati. Mimi nilimwambia ni kupoteza mtama. Alinijibu kwamba karani hajui mambo ya ukingoni. Na ni kweli kwamba mahindi yetu yalifukuliwa kidogo kuliko ya wengine, ingawa sikupata kumkubalia hilo alipokuwa hai.

Basi nikachukua kalamu nikafuta faini, nikafuta kifungo, nikafuta vyote viwili kwa pamoja. Mahali pake nikaandika: “Wakulima wa Handeni wanaombwa, kila msimu wa kupanda, kumwachia ndege huyu chakula kidogo ukingoni mwa shamba.” Hakuna hatia, hakuna mahakama. Karatasi ilibaki bila viatu, na safari hii nikaiona imependeza.

Hoja ikapita kijijini, kisha diwani akaipeleka barazani Handeni mjini. Akasisitiza niwepo, nami nikapelekwa kwa bodaboda, mto wa kitanda ukiwa chini yangu na Athumani akiwa nyuma yangu amenikumbatia kama mzigo wa mkaa. Usinigombeze, dereva alikwenda pole pole. Tulikaa kwenye viti vya wageni. Diwani mmoja akauliza kama huyo kwale analipa ushuru. Mwingine akasema kata yake ina kanga wengi, na kwamba kanga nao watataka heshima. Lakini kilipofika kile kipengele cha ukingo wa shamba, ukumbi ulitulia. Mama mmoja, diwani kutoka upande wa Kwamsisi, akasema, “Bibi yangu alikuwa akifanya hivyo hivyo.” Wakaulizwa wanaoafiki, nao wakaafiki kwa sauti moja. Jina la Mariamu halikutajwa mle, wala sikulitaka litajwe. Athumani alinigusa goti kwa kidole kimoja, akakitoa upesi.

Sasa kwale ameshachorwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata. Mchoraji amejitahidi, lakini kusema haki, amemchora kuku aliyevaa skafu ya njano. Watu hupita wakisalimia, “Shikamoo, Mheshimiwa.” Na wiki hii, mvua za kwanza ziliponyesha, nilitoka na ungo kumwaga mtama upande wa kichuguu. Nilipoinua macho niliwaona watu katika mashamba ya jirani, huyu na kopo, yule na kibakuli, wakiinama ukingoni. Walikuwa wakitaniana kwamba wanalipa kodi ya ndege. Nilisimama pale hadi mgongo ukanikumbusha umri wangu.

Kwa hiyo, Dada, hili ndilo jibu langu, na ninalitoa kwa unyenyekevu, nikiwa nimepiga magoti mbele ya wema wako. Naomba uniruhusu nibaki. Na siku yangu itakapofika, naomba pia ruhusa yako nilale hapa, karibu na kichuguu, wala usiwaache wenzetu wa ukoo wakawalaumu wakwe zangu kwamba wamenizuia. Hawakunizuia. Mmoja aliketi tu juu ya sanduku. Nakushukuru kwa chumba kile kuliko ninavyoweza kuandika. Mpe Elizabeti na mtoto wake mchanga, jua la asubuhi litawafaa. Nami sitathubutu kufanya lolote katika haya bila neno lako. Ukinijibu kwamba nirudi, nitarudi, na hutasikia nung'uniko.

Nisalimie mwanao Elizabeti, na mumewe fundi seremala, ambaye bado nina kiti chake kisichotikisika. Msalimie mchungaji wetu aliyestaafu, umwambie tenzi alizotufundisha bado naziimba, ingawa kwa sauti ya kwale. Zakaria mwambie asisikitike kwa safari ya gari, kwa sababu ninamwomba aifanye vivyo hivyo, ila kinyume chake: akulete wewe. Kitanda ninacho, Bi Mwanahamisi amekwisha kuuliza unapenda chumvi kiasi gani, na barabara bado ni nzuri.

Njoo, Dada, ukae walau hadi mahindi yaote. Simu huisikii, na kengele ya kanisa uliniambia umeacha kuisikia. Lakini huyu wa kichuguuni, alfajiri, nina hakika utamsikia.

Ni mimi, mdogo wako ninayesubiri neno lako,

Stefano